Samaki wa Bahari Waliohamia Bwera

Siku mliponiaga kazini, ninyi wenzangu wa maabara, kijana mmoja alisimama akawaambia wageni kwamba Mama Biira hajawahi kukosea kipimo hata kimoja. Watu wakapiga makofi. Nikala keki yangu nikanyamaza, kwa sababu keki ilikuwa nzuri na sikutaka kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya wageni. Lakini sasa niko nyumbani, sina haraka, na kalamu ninayo. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na katikati yake nitawaeleza pale nilipokosea, maana kosa lile lilikaribia kumuua mtu, na mtu huyo hakuwa mimi.

Niliingia maabara ya maji ya Kasese mwanzoni mwa miaka ya sitini, bado msichana, nimetoka Karambi na cheti cha shule ya misheni na viatu vya kuazima. Nilidhani nitapewa koti jeupe. Nilipewa brashi. Mkubwa wa maabara alikuwa Bwana Fernandes, Mgoa mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa, mkemia mwembamba aliyevaa tai hata siku ambazo joto la Kasese linawalaza mbuzi mchana kutwa. Mwezi mzima niliosha chupa. Kila jioni alichukua moja, akaiinua dirishani, akainusa, akanirudishia.

"Rudia, binti. Hii bado ina sabuni."

Nilimchukia kwa muda wa wiki tatu hivi. Wiki ya nne hakunirudishia hata chupa moja, akanivutia kiti mezani kwake, na tangu siku hiyo nikaanza kujifunza kazi. Hata Kiswahili changu nilikipata kwake. Wenzangu wa Bwera, mpakani karibu na kwetu, walizoea kunicheka kwamba naongea kama redio, nami niliwaambia Kiswahili hiki kimekuja kwa treni kutoka Mombasa, wakitaka waende stesheni wakachukue chao.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima pH. Kwa mliosahau, hiyo ni namba inayosema maji yameegemea wapi: chini ya saba yana ukali wa ndimu, juu ya saba yana utelezi wa magadi. Siku hizi mnatumbukiza waya na mashine inawasomea. Sisi tulikuwa na kisanduku cha mbao chenye gurudumu la vioo vya rangi, kila kioo kimeandikwa namba yake. Unasuuza bomba la kioo mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima, unajaza mpaka kwenye alama, unatia matone ya dawa, unasubiri rangi itulie, kisha unazungusha gurudumu mpaka upate kioo kinachofanana. Usizibe bomba kwa kidole gumba, kwa sababu jasho lako nalo litapimwa. Usisome ukiwa umelielekea jua. Na ukishasoma, andika ulichokiona, si ulichokitarajia. Bwana Fernandes alinigonga vidole kwa rula kwa ajili ya hilo la mwisho, na nilistahili.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Bugoye. Mabomba ya maji yalikuwa yanatoboka kila baada ya miezi michache, na fundi wa mabomba alilaumiwa kwamba ananunua chuma kibovu. Nikapanda bonde la Mubuku kwa miguu na kisanduku mgongoni, nikapima pale pale kwenye chanzo. Maji ya mlimani yale, safi hata unaona vidole vyako vya miguu, yalisoma sita pungufu. Yalikuwa yanakula chuma kimya kimya. Tukaweka mawe ya chokaa kutoka Muhokya kwenye tangi la juu, maji yapite humo kwanza, na mabomba yakapona. Fundi akaniletea kuku. Kutoka hapo nikawa na kichwa kikubwa, nasema wazi. Nilijiona najua maji yote ya Busongora na Bukonzo, pande zetu zote, kwa majina.

Sasa niwaambie habari za samaki. Bwana Fernandes hakuwa na mke wala mtoto pale Kasese. Alichokuwa nacho ni tangi la kioo sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, lililojaa maji ya bahari. Ndiyo, ya bahari. Kasese ndipo reli ilipoishia, na kila baada ya miezi kadhaa ndugu yake alimtumia kutoka Mombasa madumu ya maji ya chumvi na mfuko mnene wenye samaki wawili watatu, ambao nusu yao walifika wazima. Walikuwa samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa buluu aliyekuwa mkorofi. Watu walikuja Jumapili baada ya kanisa kuwatazama. Wengine waliuliza wanapikwaje.

Aliyewalisha alikuwa Kule, mtunza bustani wake, mtu wa Karambi kama mimi, amenipita kama miaka ishirini. Kule hakusoma, lakini alijua kila samaki na tabia zake. Aliniambia yule wa buluu akijificha nyuma ya jiwe kabla ya saa sita, basi maji hayako sawa. Mimi nilitumwa pale kila wiki na kisanduku changu, na mara nyingi nilikuta Kule amesema kweli.

Tangi la bahari nyumbani si mchezo. Maji ya bahari yanataka kukaa karibu na nane na pointi mbili. Samaki wanapumua, chakula kinaoza, na namba inashuka kidogo kidogo. Asubuhi inakuwa chini, alasiri inapanda kwa sababu ya mwanga na majani ya baharini yaliyomo, kwa hiyo pima saa ileile kila mara, la sivyo utajitia hofu bure. Tuliweka vipande vya chokaa ya Muhokya chini ya mchanga ili namba isiporomoke. Maji yakipungua kwa joto, unaongeza maji ya kawaida yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haipandi hewani. Lakini yakimwagika, chumvi imeondoka nayo, na hapo unahitaji bahari nyingine. Bwana Fernandes alinifundisha yote haya kwa subira ambayo hakuwahi kuionyesha kwa chupa.

Mwanzo wa miaka ya sabini ikatoka amri kwamba Wahindi wote waondoke nchini, na Wagoa wakahesabiwa humo. Alikuwa na siku chache za kufunga sanduku moja. Siku ya mwisho aliniachia funguo za maabara na daftari la vipimo. Kule akaachiwa samaki. Nilimsindikiza stesheni. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, na akaniambia nifute uso maana chozi nalo lina pH yake. Huo ndio mzaha pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake.

Nyumba ikapewa kapteni mmoja wa jeshi. Tulidhani tangi litatupwa nje siku hiyohiyo. Kumbe afande yule, mtu mkubwa wa sauti nzito aliyetoka mbali sana na sisi, aliingia sebuleni, akasimama mbele ya kioo, akavua kofia. Kule alisimulia kwamba alikaa pale mpaka chai ikapoa. Akamwambia, "Wewe utabaki. Hii samaki ikikufa, wewe iko na mashtaka." Basi Kule akabaki, na mimi nikaendelea kwenda kila wiki kupima, kwa amri. Jioni afande alikuwa anavua viatu, anakaa kimya mbele ya samaki. Mtu ambaye kambi nzima ilitetemeka akipita, yule wa buluu alimzoea, akawa anamfuata kidole kwenye kioo.

Mwaka uliofuata afande akahamishiwa Bwera, mpakani. Akaamuru tangi liende naye. Likapakiwa kwenye lori la jeshi, samaki ndani, Kule amelikumbatia kutoka Kasese mpaka Bwera kwenye barabara ile ya mashimo. Samaki walifika wote. Maji yalifika nusu. Nikaitwa kesho yake.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mfuate vizuri. Hapakuwa na maji ya Mombasa tena. Ndugu wa Bwana Fernandes alikuwa hatutumii kitu, na mpaka wa upande wa Mombasa wenyewe ulikuwa na matatizo. Nilihitaji kutengeneza bahari. Nami, mtoto wa huku, niliyekua nakula chumvi ya ziwa Katwe tangu nianze kula, sikufikiri hata dakika moja. Nilinunua chumvi ya Katwe sokoni Bwera, ile ya mabonge ya kijivu, nikaiyeyusha kwenye ndoo ya maji ya mto. Nikatumbukiza kijiti cha kioo kinachoelea, kile kinachosema maji yana uzito gani, nikaongeza chumvi mpaka kikaelea sawasawa na kwenye maji ya bahari. Nikajipongeza. Kule alikuwa ameshika ndoo ya pili.

"Mama," akasema, "hii chumvi iko na magadi. Sisi kwetu tunalainisha nayo maharagi."

"Na mimi ni wa huko huko, Mzee. Chumvi ni chumvi."

"Hautapima kwanza?"

Kisanduku kilikuwa pale, miguuni mwangu. Gari la kunirudisha Kasese lilikuwa linapiga honi nje. Lakini sitalaumu gari. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kazini, mabomba ya Bugoye niliyaponya mimi, na sikutaka kuulizwa na mtunza bustani kama nitapima. Nikamwambia, "Shika ndoo vizuri, Mzee, umwage polepole." Akamwaga. Maji yalikuwa meupe na mazuri. Nikaandika kwenye daftari la vipimo la afande nane na pointi mbili, namba niliyoitarajia, nikaondoka.

Siku ya nne alikuja maabara mke wa Kule, Masika, amefunga mtoto mgongoni, amepanda lori la pamba kutoka Bwera. Hakutaka kukaa.

"Mama Biira, bamefunga Kule. Banasema ameua samaki ya Afande na sumu."

"Samaki wamekufa?"

"Yote. Asubuhi ile ya kesho yake. Banasema alitumwa na ule Muhindi wake wa zamani, na kama ameweka sumu kwa samaki, kesho ataweka kwa chai ya Afande. Banamupiga, Mama. Tangu siku tatu."

Nilijua kabla hajamaliza. Magadi. Ziwa Katwe limejaa magadi, mtoto yeyote wa Busongora anajua linavyowasha macho, na mimi niliwamwagia samaki wa bahari ndoo mbili zake bila kuzipima. Na niwaambie ukweli mwingine ambao sijawahi kuuandika popote: kwa kitambo kidogo nilifikiri kunyamaza. Hakuna aliyenitaja. Daftari lilisema nane na pointi mbili kwa mwandiko wangu. Ningemwambia Masika pole, ningempa chai, angeondoka. Wakati ule mtu aliyeingia kambini kwa miguu yake kujishitaki hakuwa na uhakika wa kutoka, tena mwanamke. Nilikuwa na watoto wawili. Nilisimama nimeshika meza, naona aibu mbele ya mama yule kwa wazo lenyewe. Halafu nikachukua kisanduku, chupa mpya ya dawa, na tukaenda kutafuta lori.

Afande alikuwa barazani kwake, ndani ya kambi. Tangi lilikuwa ndani bado limejaa, na samaki wamelazwa kwenye sinia mezani, wamekauka, kwa kuwa hakuruhusu mtu awatupe. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua kama ni pombe au ni nini kingine.

"Nani ameita wewe?"

"Hakuna, Afande. Nimekuja mwenyewe. Nataka kupima maji mbele yako."

"Maji iko na sumu. Pima nini?"

"Nataka uone sumu ni ipi."

Akanitazama, akapiga kidole, askari akaleta meza ndogo. Nikapanga mabomba matatu. La kwanza nikajaza maji ya mto. La pili, maji ya tangi. La tatu nikamwomba mpishi wake maji ya mto yaleyale, nikatia ndani chumvi kutoka kwenye kopo la jikoni mwake, nikatikisa. Nilisuuza mara tatu kila bomba, kama siku zote. Nikatia matone. Maji ya mto yakabaki ya njano. La tangi likageuka zambarau. La chumvi ya jikoni likageuka zambarau ileile. Nikazungusha gurudumu mpaka kioo cha mwisho, na rangi ya tangi ilikuwa imekolea kukipita. Kwa miaka yote sijaona kipimo kilichosomeka wazi zaidi ya kile.

"Hii rangi ni magadi, Afande. Samaki wa bahari hawawezi kuishi humo. Ni chumvi ya Katwe, ile unayokula kila siku. Kule hakuweka sumu. Chumvi niliileta mimi, nikayeyusha mimi, na sikuipima. Ile namba kwenye daftari lako niliiandika bila kupima. Ni uongo, na ni wangu."

Askari mmoja akarudi hatua nyuma, kama aliyeona moto unawashwa. Afande akaenda mpaka kwenye tangi, akachovya bilauri, akaileta ikiwa imejaa.

"Kama hii si sumu," akasema, "kunywa."

Nikanywa. Sitawapamba kwa maneno: ilikuwa chungu, ilikuwa na ladha ya samaki, na ilichoma mpaka tumboni. Nilimaliza yote. Afande akakaa, akavua saa yake, akaiweka mezani, akaitazama. Nilisimama. Nilijiambia, Biira, usitapike, ukitapika Kule amekwisha. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Mpishi aliunguza sufuria jikoni na hakuna aliyejali.

Mwishowe afande akavaa saa yake.

"Leta ule mutu," akamwambia askari. Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, "Zika hii samaki. Halafu usionekane hapa tena, wewe na maji yako."

Nikachimba shimo kwa jembe la Kule, nyuma ya nyumba, nikawazika samaki wote. Nilitapika huko huko, pembeni, mahali ambapo hawakuniona. Wa buluu nilimweka juu ya wenzake. Niliporudi, Kule alikuwa ameletwa getini, anatembea kwa ukingo wa miguu, nyayo zimevimba zimepasuka. Masika alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamkokota mpaka barabarani kungoja lori la Kasese, aende kwa daktari.

Nilianza kumwomba radhi. Akainua mkono ninyamaze.

"Ulipima?" akauliza.

"Leo nimepima."

"Iko ngapi?"

"Imepita mwisho wa gurudumu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari aliyoitegemea. Ndipo swali likanijia, na nilitaka kulimeza lakini nikashindwa. Nilimuuliza, siku tatu zile, hawakumuuliza chumvi ilitoka wapi?

"Waliuliza. Kila siku waliuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia mimi ndiye nilimwaga ndoo. Si uongo, Mama. Ni mimi nilimwaga."

"Kwa nini hukunitaja? Ulijua ni mimi. Uliniambia nipime!"

Alitazama barabara. Masika alikuwa analia bila sauti, na nikatambua kwamba yeye pia alijua tangu mwanzo, na kwamba maabara hakuja kunipa habari tu.

"Wewe iko mwanamuke," Kule akasema. "Mule ndani niliona wanawake watatu wanaingia. Sikuona hata mumoja anatoka."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kama siku ile ya stesheni, na zaidi. Hakunikataza. Lori lilipofika tulimpandisha kwa kumsukuma, tukamkalisha kwenye magunia ya pamba. Barabara ikaanza kumtikisa, na kila shimo alikunja uso. Nikachukua kisanduku cha vipimo, nikakiweka mbele yake, nikamwambia aweke miguu juu. Akakataa. Alisema vioo vya ndani vitavunjika.

Nikamwambia vivunjike.